Tuulize, Tusikimbie: Hofu ya Mionzi katika Vipimo vya Picha

(Mazungumzo ya mratibu wa miradi ya Dayosisi mbele ya wajumbe wa kamati za sharika, Mafiga, Morogoro)



Leo tunazungumzia jambo ambalo tumekutana nalo mara nyingi katika ziara zetu sharikani. Mama anaambiwa mtoto apigwe picha ya kifua, naye anamrudisha nyumbani kwa sababu amesikia kwamba picha zinaleta kansa. Mzee ameshuka kutoka Mgeta kwa nauli ya kukopa, kisha anaishia kwenye benchi kwa kuogopa mlango wenye alama ya mionzi. Wengine hutuuliza kama mama aliyepigwa picha anaweza kunyonyesha siku hiyo.

Hofu hii tusiicheke, maana ina chanzo. Wilhelm Conrad Röntgen wa Ujerumani aligundua eksirei mwaka 1895, na kwa miaka mingi waliozitumia hawakujikinga. Wengi waliungua ngozi, na wengine walipata kansa wakafa. Mwaka 1936 mjini Hamburg ulizinduliwa mnara wa kuwakumbuka, ukiwa na majina 169 ya watu wa nchi mbalimbali. Kwa hiyo anayesema mionzi inaweza kudhuru anasema kweli. Swali la kujiuliza ni kiasi gani, na kwa faida gani.

Kwanza tutenganishe maneno mawili. Kupigwa picha si sawa na kupigwa mionzi. Mgonjwa wa kansa anayetibiwa kwa mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hupewa kiasi kikubwa makusudi ili kuua chembe za ugonjwa. Kiasi hicho, pale mahali panapotibiwa, ni maelfu ya mara zaidi ya kile cha picha ya kifua. Watu wengi husikia habari za ndugu aliyeungua ngozi kwa matibabu hayo, wakadhani picha nayo hufanya vivyo hivyo.

Pili, tujue viwango. Mionzi inayoingia mwilini hupimwa kwa milisiveti. Kila mwanadamu, hata ambaye hajawahi kukanyaga hospitali, hupata kwa wastani karibu milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani, hewani na katika chakula. Picha moja ya kifua kwa mashine iliyo sawa ni kama milisiveti 0.1 au pungufu, yaani kiasi cha wiki mbili za kuishi tu. Kipimo cha CT cha tumbo ni kikubwa zaidi, karibu milisiveti 8 hadi 10, sawa na miaka mitatu hadi minne. Altrasaundi na MRI hazitumii mionzi ya aina hii kabisa.

Eksirei haibaki mwilini. Mashine ikizimwa imekwisha, kama mwanga wa taa. Mama anaweza kunyonyesha akitoka chumbani. Vipo vipimo vichache ambavyo mgonjwa hupewa dawa yenye mionzi. Hivyo vina masharti yake, na wahudumu huyaeleza.

Wataalamu huchukulia kwamba hata kiasi kidogo huongeza hatari ya kansa kwa kadiri ndogo, na kwamba watoto huathirika zaidi kuliko watu wazima. Lakini tupime pande zote mbili za mizani. Mtoto mdogo mwenye dalili za kifua kikuu mara nyingi hawezi kutoa makohozi, hivyo picha humsaidia daktari kuamua. Kifua kikuu kisichotibiwa huua. Mzazi anayekimbia hatari ndogo ya kesho anaweza kumwacha mtoto katika hatari kubwa ya leo.

Ndugu zetu, kata hii inaitwa Mafiga, na wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Usalama wa picha nao umekaa juu ya mafiga matatu.

Figa la kwanza ni daktari. Kazi yake ni kuwa na sababu. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kwa heshima: "Daktari, picha hii itatusaidia kuamua nini? Je, altrasaundi ingetosha?" Vilevile tusidai kipimo cha CT kwa sababu tu jirani alipimwa hivyo.

Figa la pili ni mtaalamu wa picha na mashine yake. Yeye hutumia kiasi kidogo kinachotosha, hupiga eneo linalohitajika tu, na hurekebisha mashine kulingana na umri wa mtoto. Mashine zinapaswa kuwa na leseni na kukaguliwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003.

Figa la tatu ni mgonjwa mwenyewe. Mwanamke mwenye mimba, au anayehisi anayo, aseme kabla ya kuingia. Kusema hakumnyimi huduma. Picha ya kifua au ya mguu hufikisha kiasi kidogo mno kwa mtoto aliye tumboni. Ya tumbo na nyonga ndiyo inayohitaji kufikiriwa zaidi. Tena, kila mgonjwa aje na picha zake za zamani. Picha iliyosahaulika Matombo au iliyoliwa na panya darini hulazimu nyingine ipigwe, kwa gharama nyingine na mionzi mingine.

Basi tunaziomba kamati mambo matatu. Yatangazeni haya sharikani, hasa katika vikundi vya akina mama. Anayeogopa apate mtu wa kumsindikiza hospitali, asiachwe arudi njiani peke yake. Na kila usharika uweke bahasha ngumu za kutunzia picha na majibu, ziandikwe jina na tarehe ya kila kipimo. Wafadhili wetu, bahasha hizi si mradi wa kuzinduliwa kwa ngoma. Hata hivyo zitamwokolea mgonjwa wa mlimani nauli, fedha ya kipimo, na picha ambayo hakuihitaji.