Mali Iliyo Mikononi Mwetu: Hotuba ya Katibu kwa Wachongaji na Watunga Shanga wa Feri na Kariakoo



Leo Umoja wetu watimiza miaka 10. Hesabu za fedha mmekwisha kusomewa. Mimi naomba niseme juu ya hesabu ya mali asili, maana pasipo mti hapana kinyago, na pasipo kinyago hapana Umoja.

Kazi hii si ngeni katika mji huu. Wazaramo walichonga mwana hiti, aliyepewa mwali akiwa ndani, kabla mtalii hajajulikana. Wamakonde waliotoka ng'ambo ya Ruvuma wakaleta ustadi wao, na vinyago vyao vya mpingo vikapata sifa duniani. Tena yasimuliwa kwamba Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu, alijifunza kwa wachongaji wa Kizaramo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaenda kuwafundisha jamaa zake. Mwaka 1963 Wakamba wa Mombasa wakaanzisha chama chao cha ushirika. Miti yao ya zamani ilipoadimika, wakashika mwarobaini na mwembe, na kazi haikufa. Basi aliyekuwa mwanafunzi wetu yafaa sasa awe mwalimu wetu.

Mpingo hukua polepole mno: mti ulio tayari kukatwa waweza kuwa na umri wa miaka 70 na zaidi. Kiini chake cheusi chatakiwa pia na mafundi wa klarineti huko Ulaya. Tangu Januari 2017 biashara yake ya kuvuka mipaka imewekewa masharti ya vibali. Biashara ya pembe za ndovu baina ya mataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989, na Tanzania yenyewe ilikuwa miongoni mwa waliopeleka hoja hiyo. Gamba la ng'amba nalo, ambalo babu zetu walifanyia vitana na bangili, haliuziki tena kwa halali. Mwenye kuuza vitu hivi kwa siri huwafungia mlango wenziwe wote.

Uko ugonjwa wa pili: mti mweupe kupakwa dawa ya viatu na kuuzwa kwa jina la mpingo. Mnunuzi akifika kwao akakipangusa kinyago kwa kitambaa chenye maji, jina linaloharibika ni la Feri nzima. Mpingo wa kweli ni mzito. Ukitiwa majini huzama. Kila duka letu na liweke ndoo, mnunuzi ajionee.

Mtauliza: tutumie nini? Kariakoo hutupa vifuu kila siku. Machinjio ya Vingunguti yana pembe na mifupa ya ng'ombe, nayo ikisuguliwa vema hutoa shanga na bangili za kupendeza.

Kwa hiyo naleta mbele yenu mambo matatu. Kwanza, mpingo usiingie karakana zetu bila hati ya Wakala wa Huduma za Misitu. Pili, kila kazi iandikwe jina la mti wake wa kweli, hata ukiwa mwembe. Tatu, sehemu ya faida ya kila mwaka inunue miche ya mpingo.

Najua hati ina gharama, na mwenye watoto wenye njaa hawezi kungoja miaka 70. Ndiyo sababu naomba magogo yanunuliwe na Umoja kwa pamoja, kila mchongaji apate kipande chake na kulipa baada ya kuuza.

Wazee walisema: mchonga mwiko hukimbiza mkono wake. Nasi tujichongee kanuni hizi leo, tuiokoe mikono yetu na ya watoto wetu.