Utoro wa Maji



Shuleni utoro huadhibiwa. Bwawani utoro ndio uhai. Mafundi wetu wamelipa jina hilo lile pito la pembeni, lililo chini kidogo ya kilele cha tuta, ambamo maji ya ziada hutorokea mvua ikizidi. Jioni hii nasimama kuutetea utoro huo, kwa sababu katika malambo yetu ya udongo huzibwa, tena na watu wenye nia njema.

Mkulima huona unyevu kwenye utoro, akapanda mahindi. Mvuvi husimika uzio samaki wasimponyoke. Kamati ya maji, ikikumbuka kiangazi kilichopita, hupanga viroba vya mchanga ili lambo lishike maji zaidi. Kila mmoja ana hoja. Lakini tuta la udongo halikujengwa lipitiwe na maji juu yake. Yakipata mahali palipobonyea hupachimba, na mkondo huo hupanuka upesi kuliko jembe linavyoweza kuuziba.

Tusidhani haya ni makosa ya wanakijiji peke yao. Bwawa la South Fork, Pennsylvania, nchini Marekani, lilikamilika mwaka 1853 ili kulisha mfereji wa usafirishaji. Reli ilipouondolea mfereji kazi, mabomba ya kutolea maji yaling'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu. Kisha klabu ya matajiri ikalinunua, ikashusha kilele cha tuta ili magari ya farasi yapite, ikaweka wavu kwenye utoro kuwazuia samaki wake. Mei 31, 1889, mvua kubwa ilisomba takataka, zikanasa wavuni. Vibarua walijaribu kuchimba utoro wa pili, wakashindwa; maji yakapita juu ya tuta, likabomoka. Watu 2,209 walikufa, wengi wao katika mji wa Johnstown, bondeni. Tajiri na wavu wake, mvuvi na uzio wake: hesabu yao ni moja.

Karibu na kwetu, Mei 9, 2018, bwawa la shambani huko Solai, Nakuru, lilipasuka baada ya mvua nyingi, na watu zaidi ya 40 wakafa. Funzo langu hapo ni hili: anayelala chini ya bwawa si lazima awe anayechota maji yake. Faida ina wenyewe, hatari ina wengine.

Tuta kuukuu husema, ila kwa sauti ndogo. Maji yanayovuja yakiwa maangavu, yapimwe na kuandikwa kila wiki. Yakianza kutoka na tope, tuta linaliwa kutoka ndani, aitwe mhandisi siku hiyohiyo. Mti ung'olewe ungali mche, maana mizizi mikubwa ikioza huacha mirija. Ng'ombe wanyweshwe kwenye birika nje ya bwawa. Kwato zao zikizoea kupanda tuta, huchonga njia ambayo maji yataifuata.

Kazi hizi zahitaji panga, jembe na daftari. Kinachokosekana ni mwenyewe, kwani lambo la wote husubiri wote. Basi kabla ya masika, mkutano wa kijiji uandike majina mawili: la atakayefyeka utoro, na la mkazi wa bondeni atakayepigiwa simu usiku. Mvua ikija, maji yaachwe yatoroke.