Jengo Lije Mwisho: Kituo cha Elimu ya Mazingira katika Bustani ya Mimea, Dar es Salaam



Mabasi ya shule huja Makumbusho ya Taifa yakileta watoto waliosoma darasani habari za fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Ukitoka hapo, Bustani ya Mimea iko jirani kabisa. Pendekezo langu la jioni hii, kituo cha elimu ya mazingira ndani ya Bustani hiyo, linaanzia kwenye mabasi hayo. Nauli imeshalipwa, walimu wameshapata kibali, na asubuhi bado ndefu. Mtoto aliyekwisha kulitazama fuvu hilo anaweza kuvuka akatazame mti ulio hai, tena bila sisi kuchimba hata msingi mmoja.

Ila amkute mtu wa kumpokea, na mtu huyo amweleze kweli. Bustani hii Wajerumani waliianzisha mwaka 1893, na hawakuwa na haja ya mahali pa kupunga upepo. Palikuwa mahali pa majaribio: mimea ya biashara iletwe kutoka mbali, ionekane kama itastahimili udongo na jua la huku, kisha iliyofaulu ipelekwe mashambani. Mwaka huohuo mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliingiza mkonge Tanga, na miche iliyosalia hai baada ya safari ilikuwa 62 tu. Mashamba makubwa ya mkonge ya nchi hii yana asili katika miche hiyo. Aliyesoma habari za Vita vya Maji Maji anakumbuka pia kilimo cha pamba cha kulazimishwa, na hasira iliyolipuka mwaka 1905. Sioni sababu ya kumficha mtoto wa darasa la sita habari hizi. Akisimama chini ya mkrismasi uliotoka Madagaska, au mjakaranda wa Amerika ya Kusini, aulize: nani aliuleta, kwa faida ya nani, na kabla yake hapa palimea nini?

Swali hilo la mwisho ndilo zito, na mfano wake bora uko Amani, katika Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walifungua kituo cha utafiti mwaka 1902. Miongoni mwa miti iliyopandwa huko katika karne iliyopita ni msizi, mti wa Afrika hiihii, ambao wenyeji wa Uganda wanaufahamu vizuri. Hukua haraka na hutoa mbao, kwa hiyo waliouchagua hawakuwa wajinga. Lakini magogo yalipovunwa na msitu ukabaki na mianya ya jua, msizi ulijaa humo. Hondohondo wakala matunda yake, wakaruka na mbegu, wakaziangusha ndani kabisa ya msitu wenye mimea isiyopatikana kokote kwingine duniani. Hakuna aliyewatuma ndege hao. Kwangu, somo moja la msizi lina thamani kuliko mabango kumi yenye maneno “Tunza Mazingira”, maana linamwonyesha mtoto kwamba kupanda mti nako ni uamuzi, na uamuzi waweza kukosewa. Sisi Watanzania tumezoea kuhesabu miti iliyopandwa siku ya sherehe. Ni mti gani, na umepandwa wapi, mara nyingi hatuulizi.

Wapo waliotutangulia katika kazi hii ya kuwafundisha watoto bustanini. Bustani ya mimea ya Brooklyn, New York, ilianzishwa mwaka 1910 katika eneo lililokuwa jalala la majivu. Mwaka 1914 Ellen Eddy Shaw aliwafungulia watoto bustani yao humo. Walilima wenyewe na kuvuna wenyewe, na desturi hiyo ipo hadi leo. Kwetu nusu ya kazi hiyo yatosha kuanzia: kitalu cha miche, shimo la mboji, majembe ya kimo cha watoto, na bibi shamba mmoja mwenye sauti na subira.

Jengo la kituo lije baadaye, na liwe dogo. Lisiwekwe chini ya miti mikubwa. Mafundi huangalia shina, wakasahau kwamba mizizi hutambaa mbali kupita kivuli. Ikikatwa wakati wa kuchimba msingi, mti hufa taratibu kwa miaka, na hapo mkandarasi ameshalipwa na kuondoka. Tujenge mahali palipokwisha kusakafiwa. Kuta ziwe wazi upepo wa bahari upite, choo kiwe cha kutosha darasa zima (jambo ambalo wachoraji wa ramani hulikumbuka mwisho), na paa livune maji. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, masika na vuli pamoja. Paa la mita za mraba 100 litakinga kama lita 100,000, kabla ya kutoa kinachopotea. Hesabu hiyo wanafunzi waifanye wenyewe, kisha walinganishe na tangi tutakalonunua.

Naingia kwenye fedha, ambako mipango mingi hufia. Mfadhili hupenda jengo kwa sababu jengo lina ukuta wa kubandika jina lake. Mshahara wa bibi shamba hauna ukuta. Kwa hiyo nashauri mkataba wowote wa ujenzi usisainiwe mpaka mishahara ya miaka mitano iwe imetengwa, na ada ya wanafunzi iwe sifuri. Pengo lililobaki lizibwe na maharusi. Watu hawa hutafuta kivuli na maua ya kupigia picha kila Jumamosi, hulipia ukumbi, gari na mpiga picha bila kulalamika, na sidhani watakataa kuilipia bustani pia.