MKOPO WA VIWANJA NA NYUMBA ZA WANACHAMA

Hotuba ya Katibu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Wenzangu wamekwisha sema juu ya pamba, mizani na maghala. Mimi nimepewa kazi ya kusema juu ya nyumba. Mkulima akipata bei njema, na huku wanawe wanapanga chumba mjini mwaka hata mwaka, neema yake ni nusu.

Wengi wakisikia kwamba Serikali imetoa fedha za kuharakisha ujenzi katika miji midogo, hudhani ni fedha za matofali na mabati. Sivyo. Katika mpango wa Kupanga, Kupima na Kumilikisha Ardhi, uitwao KKK, Serikali ya Tanzania huzikopesha halmashauri fedha bila riba. Katika mwaka wa fedha 2021/22 zilitolewa Sh. bilioni 50. Kwa fedha hizo ardhi hupangwa na kupimwa, kisha viwanja huuzwa na deni hulipwa, ili halmashauri nyingine nayo ipate zamu. Basi mkopo huu ni mfano wa mbegu: asiyerudisha amemnyima jirani yake.

Kwamba jambo hili huwezekana, tumeliona. Mwaka 2002 ulianzishwa Dar es Salaam mradi wa viwanja 20,000, kwa mkopo wa Hazina wa Sh. bilioni 8.9. Viwanja vilivyopimwa vilizidi lengo, na mauzo yake ndiyo yaliyolipa deni. Lakini mradi ule una funzo la pili. Waliokuwa na fedha mkononi ndio waliotangulia, wengine wakatwaa zaidi ya kimoja, na viwanja vingi vikakaa miaka mingi vikiota majani. Mawe ya mipaka yalikuwapo; nyumba hazikuwapo.

Ndugu zangu, hatari hiyo ndiyo itukabiliyo sisi. Pamba huuzwa mara moja kwa mwaka. Viwanja vikitangazwa mwezi wa Januari, na fedha ikadaiwa yote kwa muda mfupi, mkulima atakutwa na jembe mkononi na mfuko mtupu. Mji utapimwa kwa mkopo wa umma, na wenye mji watabaki wapangaji.

Kwa hiyo naleta mbele yenu mambo matatu. Kwanza, tuiombe Halmashauri yetu ipange malipo kwa awamu, zifuatazo msimu wa mauzo. Pili, kila chama cha msingi kifungue akiba ya kiwanja, ikatwe kidogo kidogo kwa hiari ya mwanachama anapolipwa pamba yake. Tatu, tuunde chama cha nyumba, kwani Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 yaturuhusu. Watu arobaini wakinunua saruji na mabati pamoja, mwenye duka atawasikiliza. Mmoja mmoja, hatawasikiliza.

Nasi tukipata viwanja, tujenge. Chumba kimoja kikaliwacho ni bora kuliko ramani ya vyumba sita iliyofungiwa sandukuni.

Haba na haba hujaza kibaba. Miaka kumi iliyopita tulianza na mizani. Miaka kumi ijayo na tuhesabu milango.