Bertranditi: Madini Adimu, Vumbi la Hatari

Msikilizaji, sifa za darubini ya anga za juu ya James Webb zinapotajwa, tuukumbuke pia mwamba ulioizaa. Vioo vyake 18 vimetengenezwa kwa beriliamu iliyochimbwa Utah, Marekani, kutoka kwenye bertranditi: silikati adimu inayounganisha beriliamu, silikoni, oksijeni na haidrojeni.

Fuwele zake hazina rangi, au ni za manjano hafifu. Zilielezwa kwanza Ufaransa mwaka 1883. Huko Spor Mountain, Utah, chembe zake hazionekani kwa macho. Zimejificha ndani ya majivu ya volkano yaliyoganda kuwa mwamba, na beriliamu haifiki hata asilimia 1 ya mawe yanayochimbwa.

Beriliamu ni metali nyepesi kuliko alumini, tena haipindi ovyo kwenye baridi kali ya angani. Lakini vumbi lake huleta ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Kwa hiyo, serikali yoyote inayotoa leseni ya madini kama haya idai kwanza vipimo vya hewa, barakoa na uchunguzi wa mapafu ya wafanyakazi. Hakuna kioo chenye thamani kuliko pumzi ya mchimbaji.