Mashindano ya Farasi ya Derby, na Fedha za Mfuko Wetu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mshangano, Songea)



Katika mkutano uliopita mwenzetu mmoja alitoa shauri kwamba Sh. 300,000 za mfuko wetu wa maziko zitiwe katika mashindano ya farasi ya Derby, kwa njia ya simu, ili zirudi zimeongezeka. Alisema ya kuwa mshindi wa mashindano hayo aweza kujulikana mapema na mtu asomaye habari za miaka iliyopita. Tuliagizwa tuzisome habari hizo, nasi tumezisoma.

Hapa kwetu farasi twamjua kwa picha tu. Misitu ya kusini tangu zamani ina mbung'o, naye mbung'o na farasi hawakai nchi moja. Ndiyo sababu waliotaka farasi katika Afrika Mashariki walikwenda nyanda za juu zenye baridi. Derby ya Kenya hukimbiwa na farasi wa miaka mitatu, mwendo wa mita 2,400, nayo makao yake ni kiwanja cha Ngong, Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1954. Huko alisifika Bibi Beryl Markham, aliyekuwa pia rubani wa ndege. Mwaka 1926 farasi wake Wise Child alishinda mbio za St Leger, na baadaye farasi aliowafunza walitwaa Derby ya Kenya mara sita.

Lakini mama wa Derby zote ni ile ya Epsom, Uingereza, na ndiyo aliyoitaja mwenzetu. Ilianza mwaka 1780, akashinda Diomed, mali ya Sir Charles Bunbury. Mwendo ulikuwa maili moja; tangu mwaka 1784 ni maili moja na nusu. Farasi wa jamii hii wote, ukifuata nasaba ya kiume, wafikia kwa mababu watatu waliotoka nchi za mashariki. Mmoja, Darley Arabian, alinunuliwa Aleppo. Basi fahari ya Waingereza ina babu Mwarabu, jambo ambalo ndugu zetu wa pwani watalisikia kwa furaha.

Liko jina jingine mnalolijua. Aga Khan wa tatu, yule aliyepimwa kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946, alishinda Epsom mara tano: 1930, 1935, 1936, 1948 na 1952. Farasi wake Mahmoud, wa 1936, alikimbia kwa upesi usioshindwa hata mwaka 1995. Mjukuu wake naye alishinda mara tano, na Shergar wake, mwaka 1981, aliwaacha wenzake kwa urefu wa farasi kumi, nafasi ambayo haijapata kupitwa.

Sasa tuje katika mwenendo, maana ndiyo kazi tuliyotumwa. Jike hubebeshwa uzito pungufu kwa ratili tatu. Walakini majike walioshinda ni sita tu tangu mwanzo, wa mwisho Fifinella mwaka 1916. Nasaba nayo ina nguvu: Galileo, mshindi wa 2001, amezaa washindi watano. Na mfunzi Aidan O'Brien wa Ireland ameshinda mara 11 kufika mwaka 2025, kuliko mfunzi mwingine yeyote. Hadi hapa mwenzetu ana haki.

Lakini tazameni upande wa pili. Mwaka 1898, 1908 na 1913 walishinda farasi waliodhaniwa si kitu, hata shilingi moja ikalipwa mia. Yasemwa pia kwamba farasi wa Derby hujulikana katika mbio za Guineas mwezi mmoja kabla. Basi mwaka 2023 Auguste Rodin alikuwa wa 12 katika Guineas, na mwaka 2024 City of Troy alikuwa wa 9. Wote wawili wakaja kushinda Derby. Aliyefuata rekodi aliwatupa.

Hapa hatuna budi kusema jambo la aibu. Sisi wenyewe, mwaka 2025, tuliyajua haya yote. Tukamfuata O'Brien, tukamchagua Delacroix, farasi aliyetumainiwa kuliko wote, aliyepandwa na Ryan Moore, mpandaji mkuu wa banda lile. Tuliweka Sh. 40,000 zilizokuwa za sare na madaftari ya mtoto. Mshindi alitoka kweli katika banda la O'Brien, ila alikuwa Lambourn, akiongoza tangu mwanzo mpaka mwisho. Delacroix alikuwa wa 9. Tulikuwa tumesoma sawasawa, na mama watoto akakopa madaftari kwa jirani.

Tangu siku hiyo tumefahamu kosa lilipo. Habari tunazosoma sisi, mwenye kuchezesha kamari amezisoma kwanza, akazitia katika bei. Farasi mwenye sifa hulipa kidogo. Asiye na sifa hulipa sana, kwa kuwa aghalabu hashindi. Tena mchezeshaji huzipunguza bei zote kidogo, na upungufu huo ndio mshahara wake, farasi yeyote ashinde. Katika mbio za farasi kwa jumla, anayetumainiwa zaidi hushinda karibu mara moja katika tatu. Mwenzetu asema tukikosa mwaka huu tutapata mwakani. Maiti hatungoji mwakani, Bwana.

Twapenda mashindano haya, na siku ya Derby tutayatazama kwa furaha. Kuhusu Sh. 300,000, jibu letu ni kwamba zisitolewe. Mweka hazina ana karatasi za kura. Tafadhali kila mwanachama aandike ndiyo au sivyo, asitie jina.