Watoto wa mbwa wanaotupwa mnadani

Leo siongelei ng'ombe, naongelea mbwa jike wa hapa bomani. Mimba yake ni siku 63 hivi, na kwa mwaka anaweza kuzaa mara mbili. Watoto wawili mnawabakiza walinde mbuzi, wengine wanaachwa mnadani. Mnadhani yamekwisha? Wanazurura machinjioni wakila vichwa vilivyotupwa. Kichwa cha kondoo mwenye kizunguzungu, ile ormilo, kina vifuko vya maji kwenye ubongo, na humo mna minyoo michanga. Mbwa akila, minyoo inakulia tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi hadi malishoni, na kondoo wako naye anaanza kuzunguka.

Vichwa hivyo vichomeni au vifukieni chini sana. Mbwa wenu wapate dawa ya minyoo, na chanjo ya kichaa kila mwaka. Jike msiyetaka azae, muulizeni afisa mifugo kuhusu kumtoa kizazi. Ikishindikana, mfungieni ndani wiki 3 akiwa kwenye joto.

Mtoto aking'atwa, oshani jeraha kwa sabuni na maji mengi dakika 15. Najua maji ni shida, lakini haya msiyaonee uchoyo. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wenu.